Mng'ong'o Usio na Mume

Nanganga, 9 Septemba 2006

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya maandalio ya masomo, nikastaafu kabla sijaligusa. Basi nitaandika mambo ya nyumbani, maana hapa nyumbani sina wa kumsimulia. Redio inaongea sana, lakini haijui kusikiliza.

Mng'ong'o wa Valentina umemaliza kupukutisha majani. Nimefagia asubuhi, nimefagia jioni. Tangu mke wangu afariki mwaka juzi, kufagia chini ya mti huu ndiyo kazi yangu rasmi. Nasema rasmi kwa sababu ilipitishwa kikaoni. Ardhi hii ni ya ukoo wake. Huku mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na mke akifa, mwanamume anafungasha anarudi kwao. Kwetu ni Newala, lakini mama yangu alishatangulia, na hatukujaliwa mtoto ambaye angenifanya niwe wa mahali fulani. Valentina alipoona hali yake si nzuri aliwaita ndugu zake kitandani akawaambia, "Mwacheni mume wangu hapa anitunzie mng'ong'o wangu." Wakakubali mbele ya katekista.

Kwa hiyo mimi ni mkwe ninayekaa kwa sababu ya mti.

11 Septemba

Upepo mtupu. Nimepika kisamvu, chumvi imezidi. Nimekula hivyo hivyo.

15 Septemba

Edwin amekuja. Huyu ni mtoto wa mdogo wake Valentina, na ndiye mwenye sauti juu ya shamba hili sasa. Ana adabu. Hajawahi kunipita bila shikamoo, na ndiyo maana nashindwa kumchukia vizuri.

Alizunguka mti mara mbili, akapiga shina kwa kiganja.

"Baba mkubwa, huu mti umechoka."

"Mti hauchoki. Wewe ndiye unayechoka."

Akacheka, lakini hakuacha. Akanikumbusha kwamba mwaka Valentina anafariki ulitupa ng'ongo za kujaza beseni tu, na msimu uliopita haukutoa hata moja. Ni kweli. Zamani tulikuwa tunaokota ndoo kwa ndoo, Valentina anatengeneza juisi, nyingine anaivundika inakuwa kali, na watu wa Nanganga nzima wanakumbuka ghafla kwamba ni ndugu zetu.

"Kivuli chake kinakula ufuta wangu upande wote ule," Edwin akasema. "Msimu huu nakuachia. Ukizaa, ukae. Usipozaa, mwezi wa tatu nautoa napanda mikorosho. Usije ukanilaumu."

"Na mimi?"

Alitazama chini. "Hayo tutaongea, baba mkubwa."

Watu husema tutaongea wakati maneno yameshaisha. Naogopa. Naandika hivi kwa sababu sijamwambia mtu yeyote: nina miaka sitini na tatu na sijui nitaenda wapi.

20 Septemba

Vichipukizi vyekundu kwenye ncha za matawi. Maua yanakuja.

28 Septemba

Leo nimeaibika, na kuaibika kwangu kumenipa matumaini.

Masoudi, bwana misitu wa Ruangwa, alipita na pikipiki yake akitafuta magogo yaliyokatwa bila kibali. Akaomba maji ya kunywa. Ni kijana mwenye maneno mengi, na mimi nilikuwa na njaa ya maneno, nikamletea na kiti. Nikamwonyesha mti. Unachanua, nikasema, kila mwaka unachanua, lakini hauzai.

Akavuta tawi la chini, akachungulia ua. "Huyu jike, Mwalimu. Unaona hiki kibonge chini ya ua? Ndicho kinachokuwa ng'ongo. Dume lake liko wapi?"

"Dume?"

"Mng'ong'o una dume na jike, miti tofauti. Kama mpapai."

Miaka thelathini nimefundisha sayansi darasa la sita. Nimechora ua ubaoni, nimechora chavua, nimewachapa watoto waliokosea kutaja sehemu zake. Mpapai dume naujua, kila mtu anaujua. Lakini mng'ong'o ni mti wa porini, nani aliwahi kuuliza mume wake?

Tukasimama wawili pale tunaangalia. Kusini ufuta wa Edwin, umebaki mabua. Mashariki mikorosho. Magharibi ufuta wa watu wengine mpaka barabarani. Nilipohamia hapa palikuwa msitu. Ukitoka nje unasikia nyani. Sasa mti wa Valentina umesimama peke yake kama mgeni aliyefika harusini siku imepita.

"Nyuki hawawezi kwenda kuleta chavua toka mbali?" nikauliza.

"Nyuki anaruka, ndiyo, lakini hana nauli ya kwenda asikokujua. Kukiwa na vipande vya msitu hapa na pale, anatoka hiki anaingia hiki. Ukimwekea shamba tupu toka hapa mpaka kule, atakula maua ya mkorosho ulio karibu, arudi nyumbani." Akamalizia maji. "Na hata ukipata dume moja, Mwalimu, hiyo ni nafuu tu. Watoto wote watakuwa wa mama mmoja na baba mmoja. Wakizaana wenyewe kwa wenyewe, kizazi kinadhoofika. Miti nayo inataka kuoa nje ya nyumba."

Akaondoka na vumbi lake. Nimekaa na mti mpaka jua likazama, na kwa mara ya kwanza sikuulaumu.

1 Oktoba

Nimezunguka upande wa bondeni kutafuta dume. Hakuna. Goti linauma.

3 Oktoba

Nimepata majibu ya mahali madume yalipokwenda, na sikuyapenda.

Nilimfuata Edwin kwenye mikorosho yake, anaokota korosho na mkewe. Nikamwuliza kwa ukali, kama nilivyokuwa nikiuliza nani amevunja dirisha, kama zamani kulikuwa na ming'ong'o mingine hapa.

"Ilikuwepo. Magumba matatu kule chini. Yanachanua sana, hayazai kitu. Nilikata wakati nafungua shamba, ule mwaka ufuta ulipopanda bei."

"Edwin! Hayo ndiyo yalikuwa madume!"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza ameshika bibo mkononi, halafu akasema taratibu, "Baba mkubwa, kila mtu alifanya hivyo. Ukifungua shamba unaacha wenye matunda, unakata usiozaa. Na yale matatu si mimi niliyeyachagua. Mama mkubwa mwenyewe alinionyesha. Alitembea mbele yangu anayagonga na mpini: hili halina faida, hili halina faida. Alitaka wake upate nafasi."

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda cha mke wangu.

Valentina, wewe mwenyewe. Uliupenda mti wako mpaka ukauulia waume. Nimekukasirikia leo mchana kutwa, na hilo lenyewe lilikuwa faraja kidogo, maana tangu ufe sijapata sababu ya kukukasirikia. Ila jambo moja linanichoma. Uligonga mti usiozaa ukasema hauna faida, halafu jioni ukarudi nyumbani kwa mume asiyezaa ukampakulia ugali. Sikumbuki ulinitazama vipi siku hiyo.

6 Oktoba

Maua yamefunguka juu kabisa. Nyuki wachache sana. Mchana kutwa naangalia juu, shingo imekakamaa.

12 Oktoba

Mwamina amekuja kuazima kinu changu, apondee unga wa futari. Ni jirani yangu, anauza vitumbua, na siku za mnada hufika mpaka Nachingwea mjini na bidhaa zake. Nikamlalamikia kuhusu dume. Nilitegemea anicheke. Akasema, "Mbona Lionja liko? Kwa mzee Adinani, mchonga vinu. Shemeji yangu kaolewa jirani pale. Linajaa maua mpaka chini panakuwa pekundu."

"Mwamina, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini, Mwalimu? Wewe unajifungia humo ndani kama mwali."

Amesema kweli. Kesho nasafiri.

14 Oktoba

Nimerudi nimechoka, lakini lazima niandike.

Nilipanda lori la magunia ya korosho hadi Nachingwea, nikalala kwa mwalimu mwenzangu wa zamani, alfajiri nikapata gari la kwenda Lionja. Njia nzima nilikuwa naangalia nje natafuta ming'ong'o. Niliona miwili. Yote imeachwa katikati ya mashamba, na mmoja nilipouliza dereva akasema, ule ulikuwa unazaa sana zamani, siku hizi umechoka. Nitaeleza wangapi?

Mzee Adinani ni mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Nilimkuta anachonga, mkono umo ndani ya kinu hadi kwenye bega. Mke wake akanitandikia mkeka. Nikajieleza. Mzee akaacha kuchonga.

"Mwalimu, unatoka Nanganga. Mpaka huku. Kuja kuomba maua?"

"Ndiyo, mzee."

"Ya kunpa mwanamke?"

"Ya kuupa mti."

Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akaja kumpiga mgongoni. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Mama yangu! Dume zima, limefunikwa na vishada vyekundu vinavyoning'inia, nyuki wanavuma mpaka unahisi kifuani. Nilisimama chini yake machozi yakanitoka, nikajifanya nimeingiwa na kitu jichoni.

"Hili zembe," Adinani akasema. "Toka nizaliwe halijanipa hata tunda moja. Mti wake mzuri kwa vinu. Idi ikipita nalikata."

Nikamwomba. Sijawahi kuomba hivyo hata kwa afisa elimu. Nikamweleza kwamba si zembe, kwamba mahali fulani kuna jike linalolisubiri. Akalitazama zembe lake upya, kichwa kimeinama upande.

"Basi tufanye hivi. Silikati. Wewe chukua maua yako. Mwezi wa ng'ongo ukifika, niletee ng'ongo nione kama hili zembe langu lina mtoto. Ukija nkono ntupu, nakata."

Nilifunga vishada kwenye khanga ya Valentina iliyoloweshwa, nikaiweka ndani ya ndoo, nikaipakata ndoo njia nzima. Abiria waliuliza kama nimebeba kuku.

15 Oktoba

Sina nguvu ya kuandika vizuri.

Asubuhi na mapema nilipanda ngazi hadi goti liliporuhusu, nikafunga vishada kwenye matawi ya chini, na makopo ya maji ili visinyauke. Nyuki wakaanza kuja. Wachache, lakini walikuja. Wakawa wanatoka kwenye vishada wanakwenda kwenye maua ya jike, mbele ya macho yangu.

Kabla ya adhuhuri ukaja moshi. Edwin anachoma mabua ya ufuta. Upepo ukauleta wote huku, ukafunika mti, nyuki wakatoweka. Nilikimbia nikipiga kelele, kukimbia kwangu mnakujua, na nilipofika moto ulikuwa umeshamaliza kazi.

Nilimwambia Edwin maneno ambayo mkwe hapaswi kumwambia mwenye ardhi. Nilimwambia anachoma makusudi. Mkewe alisikia. Watoto walisikia.

Aliuma mdomo tu, uso wake umejaa masizi.

16 Oktoba

Vishada vimenyauka. Maua ya juu bado mazima, ila hayatakaa wiki mbili. Nauli nyingine sina, goti limevimba.

17 Oktoba

Sijatoka nje.

19 Oktoba

Sijamwona Edwin. Mwamina kaniletea tambi akasema nile, nisijifie humu ndani akakosa mahali pa kuazima kinu.

21 Oktoba

Jioni nilisikia pikipiki. Nikafikiri ni Masoudi. Alikuwa Edwin, amevaa koti la mvua kwenye jua, na mbele yake amefunga ndoo mbili, zimefunikwa magunia mabichi. Pikipiki kaazima kwa rafiki yake Nachingwea, njia ya Lionja kaelekezwa na Mwamina.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Nilichelewa kuitikia. Akafunua magunia. Vishada, vyekundu, vibichi.

"Yule mzee kaniuliza kama na mimi nimetumwa na mwanamke," akasema. Halafu, "Sikujua kuhusu moshi. Ungeniambia unafanya nini, ningechoma wiki ijayo. Huwa hutuambii kitu, baba mkubwa. Unakaa hapa kama umepanga chumba."

Akapanda. Alipanda mpaka nilipoacha kumwona, nikamsikia tu akiuliza nimrushie kamba. Tulifunga mpaka giza likaingia. Ameshuka na michubuko kifuani, akala ugali wangu na kisamvu chenye chumvi nyingi, akamaliza sahani.

24 Oktoba

Idi. Pilau toka kwa Mwamina. Nyuki wengi. Hakuna anayechoma shamba upande huu. Edwin amepita kwa majirani kuwaomba.

8 Novemba

Maua yote yamedondoka. Sasa ni kungoja.

29 Novemba

Mvua ya kwanza. Harufu ya ardhi ikanikumbusha Valentina alivyokuwa anatoa vyungu nje vikinge maji. Nimevitoa. Vimejaa, sina kazi navyo.

10 Desemba

Nimeona! Punje za kijani, ndogo kuliko kifungo cha shati. Nikamwita Mwamina athibitishe, kwa sababu siyaamini tena macho yangu. Ziko kwenye matawi ya katikati, pale Edwin alipofunga.

25 Desemba

Misa, halafu nyumbani. Watu walinikaribisha, nikasema tumbo. Si tumbo.

14 Januari 2007

Mvua kila siku. Nyingine zimeanguka changa. Zilizobaki zimeshika.

6 Februari

Edwin amepanda ufuta. Alipofika karibu na mti akaacha nafasi kubwa kuzunguka shina. Mwezi wa tatu hakuutaja.

20 Februari

Ng'ongo ya kwanza ilianguka juma lililopita. Nilisikia ikigonga bati la jiko. Nimeiacha kwenye dirisha ikawa ya njano, na chumba kizima kimenukia zamani.

1 Machi

Zimejaa ndoo moja na kidogo. Nimechagua nzuri, nimezifunga kwenye khanga ile ile. Kesho Lionja.

3 Machi

Njia mbovu, gari lilikwama mara mbili. Nilikuwa nimepanga nitakachosema. Ningesema, mzee, zembe lako lina watoto. Nilikuwa najichekesha mwenyewe ndani ya gari.

Nilipofika sikusikia mtu akichonga. Mkewe alitoka amevaa nguo za eda. Mzee alifariki mwezi wa kwanza, kifua. Nikatoa pole. Nikakaa kwenye mkeka ule ule.

Kisha nikainuka kwenda nyuma ya nyumba, ingawa nilikuwa nimeshaona vinu vipya vimepangwa ukutani, vyeupe, bado vinatoa utomvu. Kisiki kilikuwa pale. Wanawe walihitaji kumzika baba yao vizuri, na mti hauzai. Nani angewaambia? Mzee alikuwa ameahidiana na mimi, si na wao.

"Aliwaambia wanangu," mama yule akasema nyuma yangu. "Aliwaambia mwalimu atakuja na ng'ongo. Walifikiri ni homa."

Nikafungua khanga nikampa ng'ongo zote. Akachukua moja, akainusa, akaishika kwa mikono miwili. Nyingine akanirudishia. Akasema, "Hizi kapande. Wewe ndiye uliyebaki nazo."

Nimerudi nimesimama njia nzima. Sijapata kuwa mpweke hivi hata siku ya mazishi ya Valentina. Siku ile angalau tulikuwa wengi.

11 Machi

Masoudi amepita. Amesema kisiki cha mng'ong'o huchipua kisipochomwa, nitume salamu Lionja wakizungushie miiba. Nimemwandikia yule mama. Na kuhusu mbegu amerudia yale yale: zote ndugu, tutafute na nyingine toka mbali.

18 Machi

Tumepanda. Edwin alileta viriba vya kuotesha miche alivyopewa na Masoudi, mkewe akaleta mchanga wa mtoni, Mwamina akaja kusimamia bila kuombwa. Kokwa ya ng'ongo ina vifuniko vidogo vinavyofunguka mche ukitoka. Watoto wa Edwin walivishangaa sana.

Mkubwa wao akauliza ipi ni dume na ipi ni jike.

"Hatujui," nikamwambia. "Hakuna anayejua mpaka mti uchanue. Miaka mingi. Mimi sitakuwepo."

"Kwa hiyo usiozaa tutaukata?"

Nilifungua mdomo nimjibu, baba yake akaniwahi. Alikuwa amechuchumaa, anashindilia mchanga kwa vidole gumba, hakuinua kichwa.

"Usiozaa haukatwi," Edwin akasema. "Na hii ni ndugu tupu, peke yake haifiki popote. Nyumba isiyo na mkwe toka mbali inakwisha." Akafuta mikono kwenye suruali. "Baba mkubwa, kwenu Newala si iko ming'ong'o? Mvua zikikatika twende mimi na wewe tukachukue mbegu. Halafu turudi."

Nikamwambia iko. Nikaingia ndani kutafuta ndoo ya kumwagilia, na nimekaa humo kwa muda kidogo kabla ya kutoka nayo.